Ajali ya Gesi Huanzia Ofisini kwa Tajiri

Hotuba kwa wakandarasi wa usafirishaji wa gesi, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, ndugu wamiliki wa magari, mameneja wa usafirishaji, madereva mliofuatana na matajiri wenu, nanyi mnaokaa ofisini kupanga nani aondoke saa ngapi: Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Hapa tulipo na Msamvu si mbali. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakafika na madumu, moto ukalipuka. Tulizika watu zaidi ya 100. Najua humu ukumbini huenda wamo waliopoteza ndugu siku ile, na sikuja kutonesha kidonda. Nimelitaja kwa sababu lori lile lilibeba petroli, na petroli angalau unaiona inapotiririka. Gesi ya kupikia ikitoka kwenye tenki utaona ukungu mweupe karibu na tundu, halafu ukungu unaishia, lakini gesi yenyewe inaendelea mbele usikoiona. Ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Inatambaa chini, inaingia mtaroni, inatuama bondeni, inamfikia mama anayekaanga vitumbua mbali na barabara ambaye hata hajui kama kuna lori limeanguka. Lita moja ya kimiminika inatoa takriban lita 250 za gesi. Hesabu ya tenki zima pigeni wenyewe.

Mimi niliendesha malori miaka 17, na 9 ya mwisho nilikuwa navuta tenki la gesi kutoka Kigamboni kwenda Mbeya na Tunduma. Sasa nafundisha madereva. Kwa hiyo ninayoyasema leo mengine nimeyasoma, mengine yamenipata.

Na mzigo unaongezeka. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu amekohoa moshi wa kuni maisha yake yote. Lakini gesi ya mitungi tunayoitumia inashukia bandarini, Dar es Salaam na Tanga, na bomba la kuipeleka Songea, Kigoma au Bukoba halipo. Itapita barabarani, juu ya magari yenu, katikati ya miji yetu.

Neno langu kubwa leo nawaambia ninyi wenye magari kwanza, madereva baadaye. Ajali za gesi nilizozisoma, na ile moja iliyonipitia sikioni, zilikuwa zimeshaandaliwa kabla gari halijatoka getini. Ziliandaliwa kwenye kupakia, kwenye malipo, kwenye kuchagua njia. Dereva alikuja kuzikuta tu.

Niwasimulie yangu. Kampuni siitaji. Tulipakia alfajiri, ubaridi wa usiku ungali upo. Mpakiaji akaniuliza, "Kaka, tuongeze kidogo?" Nikampigia tajiri. Tajiri akasema ongeza, mteja analipa kwa tani. Geji ikavuka alama, ikakaribia kugota. Nikatia saini.

Alasiri niko Ruaha Mbuyuni. Wanaoijua barabara ile wanalijua joto la pale. Nimepaki, nimekaa kwa mama ntilie nasubiri ugali, nikasikia filimbi. Kali, ndefu, haikati. Ilikuwa valvu ya usalama ya tenki langu, inapumua kwa sababu shinikizo la ndani limezidi. Kulikuwa na majiko manne ya mkaa yanawaka, na upepo unatoka kwenye gari kuja kwetu. Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka kina mama wale wakimwaga maji ya kunawia na maji ya kuoshea vyombo juu ya mkaa, bila kuuliza swali. Nakumbuka vijana wa bodaboda wakisukuma pikipiki zao bila kuziwasha. Na namkumbuka utingo wangu, kijana wa miaka 22, akinitazama usoni anasubiri nimwambie kama tukimbie. Upepo ukageuka kuelekea mtoni. Baadaye valvu ikajifunga yenyewe. Hakuna aliyeumia.

Tajiri aliposikia akasema, "Mungu mkubwa." Wiki iliyofuata tulipakia vilevile, na mimi nikatia saini tena. Kutia saini kule kwa mara ya pili ndiko kulikonitoa usukanini na kunileta kwenye kazi hii ya kufundisha.

Kilichotokea pale si ajabu wala bahati mbaya. Gesi iliyogeuzwa kimiminika inavimba kwa joto karibu mara 10 kuliko maji. Joto lake likipanda nyuzi 15, ujazo unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 5. Ndiyo maana tenki halijazwi kupita asilimia 80 au 85 hivi, kutegemea aina ya gesi na tenki lenyewe. Ile nafasi ya juu mnayoiona kama tani mlizopoteza ndiyo inayopokea uvimbe wa mchana. Ukiijaza, chuma cha tenki hakina pa kukimbilia.

Wenzetu wameshalipa bei ya hesabu hiyo. Tarehe 11 Julai 1978, huko Hispania, lori la propilini, gesi ya viwandani inayowaka, lililipuka kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques. Lilikuwa na zaidi ya tani 23, wakati mwisho wake haukufika tani 20, na tenki halikuwa na valvu ya kupumulia. Barabara kuu ya kulipia ilikuwepo, lakini lori lilipita barabara ya zamani ya pwani, ubavuni mwa kambi. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wakiwa na nguo za kuogelea. Msiseme hayo ni ya Ulaya. Machi 1992, mjini Dakar, Senegal, tenki la amonia lilipasuka kwenye kiwanda cha mafuta ya karanga. Nalo lilikuwa limejazwa kupita uwezo wake. Watu 129 walikufa, na zaidi ya 1,000 wakaumia. Amonia haikuhitaji hata kuwaka. Iliwaua kwa kuvutwa puani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayoiomba iingie kwenye mikataba yenu: dereva awe na haki ya kukataa mzigo uliovuka alama, na kukataa kwake kusimpunguzie shilingi. Iandikwe. Maneno ya mdomo ya tajiri yanasahaulika alfajiri getini, mteja akiwa kwenye simu.

Hapo naingia kwenye malipo, na najua ndipo penye ugumu. Wengi wenu mnamlipa dereva kwa tripu. Mshahara mdogo, posho ya safari ndiyo inayolisha watoto. Dereva wa namna hiyo akifika Mikumi saa moja usiku amechoka, hatalala. Atapita hifadhini gizani, twiga na tembo wanavuka barabara, kwa sababu akilala anapoteza tripu ya Ijumaa. Ukimwandikia kanuni kwamba asiendeshe usiku huku umempa malipo yanayomwambia kimbia, atatii malipo. Mimi nilitii malipo miaka 9. Mlipeni kwa mwezi, mshahara unaotosha, na posho ya siku ambayo haipungui akilala njiani. Safari ndefu wekeni madereva wawili waliosomea gesi. Deiwaka aliyeokotwa stendi kwa sababu dereva wenu anaumwa, hata awe hodari namna gani wa kuvuta saruji, asiguse tenki la gesi. Kimiminika ndani ya tenki kinacheza. Ukikata kona kwa kasi, mzigo unakwenda upande mmoja, na tenki ni refu kwenda juu. Linalala ubavu kwa mwendo ambao gari la saruji lingepita salama.

Vyombo vya Serikali mnavijua. Biashara ya gesi ya kupikia inasimamiwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, magari yana LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uzito una mizani kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, na kemikali kama amonia na klorini ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vyeti vyao mnavyo kwenye mafaili, na sina haja ya kuwasomea. Nataka kusema yale ambayo cheti hakiyafikii.

Njia, kwa mfano. Tarehe 24 Desemba 2022, Boksburg, Afrika Kusini, lori la gesi ya kupikia lilikwama chini ya daraja lililokuwa fupi kwake. Lilishika moto, kisha likalipuka, jirani kabisa na hospitali ya Tambo Memorial. Watu 41 walikufa, wakiwamo wahudumu wa hospitali hiyo. Dereva alikamatwa, baadaye akaachiwa. Kila mara dereva ndiye anayekamatwa kwanza. Mimi nikiisoma habari ile nauliza: nani ofisini alikaa na ramani akapima urefu wa lile daraja kabla gari halijaondoka? Nawauliza na ninyi. Kila njia mnayopeleka gesi, kuna mtu wenu aliyeipita kwa gari dogo akaandika madaraja, nyaya za umeme zilizolegea, masoko ya siku, shule, vituo vya mafuta, na mahali ambapo tenki linaweza kulala usiku bila nyumba karibu? Kuna karatasi hiyo kwenye gari? Kama haipo, dereva ataulizia njia kwa bodaboda, na bodaboda atamwelekeza njia fupi inayopita sokoni.

Milima nayo. Kitonga, Sekenke, na miteremko ya Mbeya inayoingia Mbalizi. Mnajua idadi ya magari yaliyoishia pale breki zikiwa zimeungua. Gari la gesi linateremka kwa gia ileile ambayo lingepandia, na dereva anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta aachishwe kazi siku hiyohiyo. Najua ni maneno makali. Lakini tajiri anayempa dereva mafuta ya kubana, halafu anamfukuza kwa kuweka nyutro, amemtega.

Jambo jingine ambalo linanitia uchungu ni tenki linalorudi tupu. Tenki likishushwa, madereva wengi wanaona kanuni zimekwisha. Vibao vinafunikwa, gari linalala mtaani karibu na nyumba, ndani ya boksi la pembeni kuna jiko, juu ya trela yanapandishwa magunia ya mkaa ya kuuza mjini, na ndani ya kichwa kuna abiria wawili wa lifti. Tenki la gesi halirudi tupu. Kinachobaki ni mvuke uleule, bado umebanwa ndani, na kimiminika kidogo chini. Fundi anayechomelea kishikio cha ngazi kwenye tenki kama hilo, bila kulisafisha kwa naitrojeni, gesi isiyowaka, na kulipima, anacheza na kifo, na wanaye amewaacha nyumbani. Sheria za mzigo ziwe zilezile kwenda na kurudi. Tajiri anayepokea fedha ya mkaa huo, hata kwa kufumba macho, ajue ameununua yeye.

Tenki hilohilo linapofika kwa mteja, kazi ngumu ndiyo inaanza. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, Nairobi, lori lililobeba gesi lililipuka mahali palipokuwa pakiendeshwa kama kituo cha kujazia gesi katikati ya makazi. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilishakataa maombi ya kujenga kituo pale, tena zaidi ya mara moja. Watu zaidi ya 270 walijeruhiwa, na baadhi ya majirani walikufa. Msafirishaji hawezi kusema "mimi nimeleta tu, kibali ni cha mteja." Kabla ya kupokea kazi, omba kibali cha mahali unapokwenda kushusha, nenda kapaone. Mteja akikuficha, mzigo usiondoke.

Na wakati wa kushusha, injini izimwe isipokuwa kama ndiyo inayoendesha pampu, matairi yawekewe kabari, waya wa kupeleka umeme tuli ardhini ufungwe kwanza kabla ya hozi na ufunguliwe mwisho kabisa. Watu wawili wasimame hapo mwanzo hadi mwisho: mmoja wenu, mmoja wa mteja. Wasikae kwenye kichwa cha gari wanachati. Valvu ya dharura, ile inayokata gesi isitoke kwenye tenki, ijaribiwe kila siku kabla ya safari, ifungwe kwa mkono ule wa mbali, watu waione inafunga. Nimekuta magari ambayo waya wa valvu hiyo umefungwa kwa kipande cha waya mwembamba wa fundi, ili isiwe inajifunga na kuchelewesha kazi. Aliyefunga pale alimaliza kazi mapema kwa dakika 20.

Kwa wale mnaobeba mitungi, si matenki, nitasema machache. Mtungi wa gesi ya kupikia usimame. Ukilala, valvu yake ya usalama inakaa ndani ya kimiminika, na kitakachotoka si mvuke tena. Kirikuu, yaani pikapu ndogo, kilicho wazi chenye kamba imara ni bora kuliko gari lililofungwa turubai pande zote, kwa sababu gesi inayovuja inahitaji kupata njia ya kutoka. Oksijeni ya hospitali haiwaki yenyewe, lakini inakoleza moto kupita kiasi. Grisi au mafuta kwenye koki yake yanaweza kuwaka bila kiberiti, kwa hiyo utingo aliyetoka kubadilisha oili asiguse. Asetilini isafiri imesimama, na mtungi wake uliopata moto uogopwe kwa saa nyingi baada ya moto kuzimika, maana ndani unaweza kuendelea kuchemka. Na mitungi yote ya shinikizo kubwa ivae kofia zake. Mtungi ukianguka koki ikakatika, unaruka kama roketi. Ukuta wa tofali hauuzuii.

Vibao sasa. Kibao cha rangi ya chungwa mbele na nyuma si pambo. Gesi ya kupikia inaandikwa 23 juu na 1965 chini. Namba 2 ni gesi, 3 inasema inawaka, na 1965 inamwambia zimamoto ni gesi gani hasa. Amonia ni 1005, klorini ni 1017. Nimewahi kuona tenki la gesi lenye kibao cha 33 juu ya 1203, yaani petroli, kwa sababu lilinunuliwa kibao kilichokuwepo dukani. Kijana wa zimamoto anayekuja mbio anasoma namba hiyo kutoka mbali ili aamue asogee au arudi nyuma. Ukimdanganya, umemwita afe.

Ikitokea mmeanguka, madereva nisikilizeni. Zima injini, kata swichi kuu ya betri, funga valvu ya dharura kama unaifikia, chukua karatasi za mzigo, ondoka kuelekea upepo unakotoka. Piga 114, zimamoto. Waambie namba ya kibao na neno moja: gesi. Kisha kazi yako ni watu. Watakuja. Msamvu walikuja, na lori la mafuta lilipoanguka Sange kule Kivu Kusini, Kongo, mwaka 2010 walikuja, wakafa zaidi ya 200. Watakuja na simu za kupiga picha hata kama hakuna cha kuchota. Simamisha magari pande zote mbili, yazimwe. Moto ukishashika tenki la gesi, mwongozo wa dharura unaotumiwa Marekani na Kanada unataka watu wakae umbali wa mita 1,600 kila upande. Ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Chuma cha juu, pale ambapo ndani hakuna kimiminika cha kukipoza, kinalainika, kinapasuka, na mzigo wote unachemka na kuwaka kwa pamoja. Moto unaotoka kwenye tundu usiuzime kama huwezi kufunga tundu lenyewe. Ukiuzima, gesi itasambaa kimya, itafute moto mwingine.

Dereva hawezi kuyafanya hayo yote akiwa peke yake, amechoka, hana simu yenye chaji, na anaogopa kwamba akipiga 114 kabla ya kumpigia tajiri atafukuzwa. Nimewafundisha madereva waliokiri hivyo mbele yangu. Mpeni kila mmoja karatasi yenye saini yenu: zimamoto kwanza, tajiri baadaye.

Mezani hapa kuna hozi. Ilitolewa wiki iliyopita kwenye gari lililokuwa limeshapangiwa safari ya Iringa. Fundi ameipasua kwa urefu. Kwa nje mpira ni mzima. Tarehe ya kutengenezwa imechapwa pembeni, someni wenyewe. Kisha ingizeni kidole ndani, mahali pale palipovimba, mguse nyuzi zilizokatika. Aliyeleta gari hilo yuko humu ukumbini, na namshukuru kwa sababu ameniruhusu kuionyesha. Njooni kwa mstari, mameneja na matajiri mtangulie.